Sukari Inapopanda Bila Kubisha Hodi

Usiku wa kuamkia tesiti ya Saikolojia ya Elimu, nikiwa mwaka wa pili, nilijipima sukari saa 4 usiku nikakuta 19.4. Niliitazama ile mashine kama mtu anayedaiwa deni asilolijua. Nilikuwa nimekula wali maharage wa kafeteria, kipimo kile kile cha siku zote. Insulini nilichoma uniti 6 saa 2 usiku, kama siku zote. Sasa hii 19.4 imetoka wapi?

Nikachoma uniti 6 nyingine. Saa 5:30 nikapima tena: 17.8. Nikasema hii dawa leo inanichezea. Nikachoma 6 za tatu, safari hii kwenye paja, kisha nikalala na madaftari kifuani.

Saa 9 usiku rumeti wangu aliamshwa na kitanda kinavyotikisika. Nilikuwa nimelowa jasho, natetemeka, naongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Yeye anasoma uhandisi, mambo ya tiba hayajui, ila mwezi mmoja kabla nilimwonyesha mahali ninapoweka glukosi. Alinikalisha, akakoroga glukosi kwenye kikombe cha maji, akahakikisha naweza kumeza, akaninywesha kidogo kidogo. Aliponipima ilisoma 2.6.

Tesiti nilifanya, nikiwa kama nguo iliyokamuliwa. Maksi nilizopata tuziache. Ila jambo moja lilinikaa kichwani: kilichokaribia kuniua usiku ule hakikuwa ile 19.4. Ilikuwa hofu yangu ya ile 19.4, na kutojua kwa nini imepanda.

Makala hii ni kwa ajili ya mwanachuo mwenzangu anayechoma insulini. Ni kwa ajili yako pia usiyechoma, maana siku moja unaweza ukawa wewe ndiye rumeti.

Kwanza tuelewane

Namba zote hapa ni milimoli kwa lita, ndizo mashine zetu nyingi husoma. Kliniki yangu imenipa lengo la 4 hadi 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. La kwako linaweza kuwa tofauti kidogo, muulize daktari wako.

Mimi nina kisukari aina ya kwanza. Kinga ya mwili wangu ilizishambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakuna aliyenilisha sukari nyingi utotoni, wala sikurogwa. Bila insulini, sukari inabaki kwenye damu na seli zinakaa na njaa, kama basi lililojaa abiria lakini mlango umekwama. Kabla ya Januari 1922, mtoto mwenye ugonjwa huu alikuwa anakufa tu, baada ya miezi au miaka michache. Mwezi huo, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Ndiyo maana Siku ya Kisukari Duniani ni tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua dawa hii. Kwa hiyo ukimwona mtu anachoma sindano kabla ya kula, usimwangalie kwa jicho la "huyu vipi". Anafanya kwa mkono kazi ambayo kongosho lako linaifanya bure.

Shida ni kwamba kongosho linapima sukari kila wakati na kurekebisha lenyewe. Sisi tunakisia. Na makosa makubwa ya kukisia hutokana na imani moja: kwamba sukari hutoka kwenye sahani peke yake. Sivyo. Ini lako ni ghala la sukari, na homoni ndizo zenye funguo za ghala hilo. Ukiielewa sentensi hiyo, nusu ya "maajabu" yanakwisha.

Sukari hiyo imetoka wapi?

Haya ndiyo ninayoyapitia kichwani ninapokuta namba nisiyoitegemea. Naanza na yaliyo rahisi.

*Mikono.* Umemenya embe, umeshika andazi lenye sukari, kisha ukatoboa kidole. Mashine haijui kama sukari ile ni ya damu au ya embe. Nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha vizuri, pima tena. Ni jambo la dakika mbili, na linaweza kukuepusha na kuchoma insulini usiyoihitaji. Angalia pia tarehe ya vijiti vya kupimia na kama kopo lake lilibaki wazi, maana unyevu huviharibu.

*Foleni ya kafeteria.* Insulini ya kawaida ya maji maupe, ambayo wengi wetu tunatumia kwa sababu ya bei, huanza kazi baada ya kama nusu saa, hufika kileleni kati ya saa 2 na 4, na huweza kuendelea hadi saa 6 au 8. Ndiyo maana tunaambiwa tuchome nusu saa kabla ya kula. Lakini nani anajua foleni itakwenda vipi? Ukichoma mapema, chakula kinaweza kuisha kabla hujafika dirishani. Ukisubiri hadi sahani iwe mkononi, wali unaingia kwenye damu kabla insulini haijavaa viatu. Mimi sasa nakwenda kabla ya kipindi cha msongamano, na mfukoni nina biskuti za dharura endapo foleni itanizidi.

*Mafuta.* Chips mayai ni chakula cha taifa la wanachuo, sitajifanya sili. Lakini mafuta huchelewesha chakula tumboni. Ukipima baada ya saa mbili unakuta 8, unajipongeza. Baada ya saa tano unakuta 15 na huelewi. Ni zile zile chips, zimechelewa tu kufika. Jifunze kupima mara mbili siku ukila vya kukaanga, utaona picha kamili.

*Vinundu.* Hili ndilo lililonipata mimi. Wiki moja baada ya usiku ule nilikwenda kliniki, nesi akanipapasa tumbo, akasema: "Mwanangu, mbona hapa pamekuwa kama mto?" Nilikuwa nachoma upande wa kulia wa kitovu kila siku kwa sababu pale pamekufa ganzi, hapaumi. Ukichoma sehemu moja mara kwa mara, mafuta ya chini ya ngozi hujikusanya yakawa nundu, na insulini ikiingia pale hunyonywa kwa kusuasua, leo kidogo, kesho nyingi. Basi hesabu ikakaa sawa. Uniti 6 za saa 2 na zile za saa 4 zilikuwa zimekwama kwenye nundu, zinatoka polepole. Za saa 5:30 nilichoma paja ambalo sikuwa nimeligusa kwa miezi, zikaingia zote. Ilipofika saa 9, zote tatu zilikuwa kazini kwa pamoja.

Dawa ya vinundu ni kuzungusha: tumbo kulia, tumbo kushoto, paja hili, paja lile, na kila sindano iwe mbali kidogo na ile ya jana. Sindano nayo usiitumie hadi iwe butu. Lakini tahadhari: ukihama kutoka kwenye nundu kwenda kwenye ngozi nzuri, kipimo kile kile kinaweza kuwa kikali. Ongea na kliniki kwanza, wanaweza kukupunguzia, na upime mara nyingi zaidi siku hizo.

*Insulini iliyochoka.* Insulini ni protini, na protini haipendi joto. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinakaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa huweza kukaa nje kwa takriban wiki nne, mradi pasiwe na joto kali. Karatasi iliyo ndani ya boksi inaeleza ya aina yako. Begi uliloliacha juani wakati wa bonanza, au dirishani mwa daladala kwenye foleni ya magari, linaweza kukiua kichupa bila wewe kuona tofauti yoyote. Kugandisha nako ni kuua: usikibandike kwenye barafu, na kikiganda usikiyeyushe ukatumia.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha mkoani Dodoma, nyumba niliyopanga haikuwa na friji. Nilitumia njia ya bibi zetu: mtungi mdogo ndani ya mkubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa kibichi juu, na vichupa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa ili visilowe. Maji yanapokauka kwenye udongo hubeba joto na kuondoka nalo. Kwenye hewa kavu kama ya Dodoma njia hii inafanya kazi vizuri. Pwani, ambako hewa yenyewe imejaa maji, ubaridi wake ni mdogo, hivyo ukiwa huko tafuta friji ya kuaminika.

Na wale wa insulini ya mchanganyiko, ile ya rangi kama maziwa: kiviringishe kichupa taratibu kati ya viganja, kama mara kumi, hadi rangi iwe moja. Usipochanganya, leo utavuta maji ya juu, kesho utavuta mashapo ya chini, na sukari itapanda na kushuka kama lifti mbovu. Ukiona mabonge, au chembe zimeganda kwenye kioo, tupa. Ile ya maji maupe ikiwa na ukungu, nayo tupa.

*Homa na dawa.* Malaria, mafua makali, jino, jipu, maambukizi ya mkojo: mwili ukipigana, homoni hufungua ghala la ini hata kama hujala kitu. Dawa jamii ya steroidi kama prednisoloni, ambayo wengine hupewa kwa pumu au mzio, hupandisha sukari pia. Kwa hiyo ukiingia dispensari ya chuo, sentensi yako ya kwanza iwe: "Nina kisukari, natumia insulini."

*Tesiti, mechi na mapenzi.* Msongo wa mawazo humwaga adrenalini na kotisoli, nazo huliambia ini litoe sukari, kana kwamba unamkimbia simba. Mwili haujui kwamba simba wenyewe ni karatasi yenye maswali matano. Mechi ya fainali yenye presha inaweza kukupandisha vile vile, ingawa mazoezi ya taratibu kwa kawaida hushusha. Kwa sisi wasichana, siku chache kabla ya hedhi sukari ya wengi hupanda. Ukiandika namba zako kwenye daftari kwa miezi mitatu, utaiona kalenda yako mwenyewe.

*Alfajiri.* Umelala na 6.5, hujala kitu, unaamka na 12. Kuelekea mapambazuko mwili huandaa homoni za kukuamsha, na ini linaitikia. Lakini kuna uwezekano mwingine: ulishuka usiku, ukaamka nusu usingizini, ukanywa soda nzima. Kwa kushuka kunatosha gramu 15 za sukari, kama vijiko vitatu vya chai, kisha unasubiri dakika 15 na kupima tena. Soda ya mililita 350 ina gramu 35 hivi, zaidi ya mara mbili. Ili ujue ni lipi kati ya haya, weka alamu saa 9 usiku, siku mbili tatu, upime. Usiongeze insulini ya usiku kwa kukisia kabla hujajua.

Sasa iko juu. Unafanya nini?

Kwanza, tulia na uthibitishe. Nawa, pima tena.

Pili, jiulize: nilichoma lini mara ya mwisho? Hili ndilo swali ambalo sikujiuliza. Insulini uliyochoma saa mbili zilizopita haijaisha, ndiyo kwanza inapanda kileleni. Kuchoma nyingine juu yake, halafu nyingine tena, ni kupanga matofali juu ya kichwa chako mwenyewe. Kwa insulini ya kawaida, kliniki yangu imenikataza kuongeza dozi ya kurekebisha kabla ya saa nne hadi tano kupita tangu niliyotangulia. Yako itakuambia muda unaokufaa.

Tatu, kuwa na namba yako. Kila mtu anayechoma insulini anapaswa kujua uniti moja humshusha kiasi gani. Kwangu ni takriban 2. Yako si yangu, hutegemea uzito, dozi zako na aina ya insulini. Usichukue ya rafiki. Kliniki itakukokotolea, ni hesabu ya dakika tano. Na usilenge kufika 5 mara moja, hasa usiku. Kushuka polepole si kushindwa.

Nne, kunywa maji. Sukari ikipita takriban 10, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo, nao mkojo unaondoka na maji yako. Ndiyo maana tunakojoa na kuona kiu. Maji matupu, si juisi.

Tano, ikiwa iko juu ya 14 na haishuki, au unaumwa, pima ketoni kwa vijiti vya mkojo. Ketoni ni moshi wa mafuta yanayoungua kwa sababu seli hazipati sukari. Zikiwepo, usiende kukimbia uwanjani ukidhani utaiteketeza sukari. Mazoezi wakati huo huzidisha tatizo.

Hapa hakuna kusubiri asubuhi

Kutapika, maumivu ya tumbo, kuhema kwa kasi na kwa kina kama umepanda ngazi, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa. Ukiona haya kwa mwenye kisukari ambaye sukari yake iko juu, hiyo ni sumu ya ketoni kwenye damu. Inaua, na haitibiki chumbani. Nenda hospitali usiku huo huo.

Hatari ya huku kwetu ni kwamba dalili hizi zinafanana na malaria au nimonia. Mtu anatapika, anahema, anapewa dawa ya malaria, anaambiwa akapumzike. Kama hujawahi kugunduliwa kisukari, lakini wiki za karibuni unakunywa maji ndoo nzima, unakojoa usiku kucha na unakonda, omba upimwe sukari. Ni tone moja la damu.

Na sheria ambayo haina mjadala: usiache insulini ya msingi kwa sababu tu huna hamu ya kula. Ukiumwa, unaihitaji, wakati mwingine hata zaidi. Pima kila baada ya saa mbili hadi nne, na kama chakula hakipiti, waulize wataalamu mapema namna ya kurekebisha dozi. Vivyo hivyo, unga wa mlonge, maji ya baraka au ushuhuda wa mtu haviwezi kuchukua nafasi ya sindano kwa mwenye aina ya kwanza. Nasema hivi nikiwa mtu wa maombi. Ninaomba, na ninachoma.

Rumeti, na chuo

Kwa miezi mingi nilichomea chooni. Nilihofia wataniita mgonjwa, au mteja wa unga akiona bomba la sindano. Kujificha kulinifanya niruke dozi siku za safari na siku za sherehe, na kila dozi niliyoiruka ilirudi kama namba kubwa. Siku niliyomwonyesha rumeti wangu vitu vyangu ilichukua dakika kumi: hii glukosi, hii mashine, hii namba ya simu ya nyumbani. Kama naongea na kumeza, nipe kitu kitamu. Kama nimezimia, usinimiminie kitu mdomoni, nilaze ubavu na uite msaada. Na kamwe usinichome insulini kwa kuniona sijielewi. Dakika kumi hizo ndizo zilizonirudisha saa 9 usiku.

Nina ombi pia kwa viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, maana gazeti hili ni lenu. Kwenye mtihani mmoja wa kumalizia muhula, msimamizi aliniambia niache begi langu nje, pamoja na mashine na glukosi. Alikuwa anafuata utaratibu, simlaumu sana. Lakini saa tatu bila glukosi kwa mtu anayechoma insulini ni kamari. Tuandikiwe barua moja inayoeleweka: mwenye kisukari aingie na mashine yake, glukosi na maji, vikaguliwe mlangoni kama kikokotoo kinavyokaguliwa. Na kwenye kila hosteli iwepo friji moja yenye rafu ya dawa na ufunguo kwa mlezi. Havihitaji bajeti kubwa, vinahitaji mtu wa kuvisemea kwenye kikao.

Bado sukari yangu hupanda. Jumanne iliyopita ilikuwa 16.2 baada ya uwasilishaji wa kikundi, sina uhakika kama ni presha au ni sambusa. Nilinawa mikono, nikapima tena, nikaangalia saa niliyochoma mara ya mwisho. Zilikuwa zimepita saa mbili na nusu. Nikanywa maji, nikaandika kwenye daftari, nikamwambia rumeti, "Leo iko juu, saa 5 nitapima tena." Akaweka alamu kwenye simu yake bila kuambiwa. Saa 5 ilikuwa 9.1. Tukalala.